Taa zangu kwenye kioo cha mwenzangu

Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, tumeshaipita Makambako, tunaitafuta Nyororo. Mwezi wa saba. Wanaoijua hiyo njia mwezi wa saba sina haja ya kuwaelezea ukungu wake. Mama yuko kushoto kwangu kajifunika shuka la Kimasai mpaka kidevuni, tumetoka Njombe usiku usiku tunawahi kliniki yake Iringa, na mbele yetu kuna tanka.

Tanka lenyewe silioni. Ninachokiona ni taa mbili nyekundu, kali kama makaa yanayopulizwa.

Nilivyoziona mara ya kwanza nilikanyaga breki, nikajua anasimama. Hasimami. Nikaachia. Baada ya dakika mbili nikakanyaga tena, kumbe bado hasimami, ndo zinawaka hivyo hivyo muda wote. Basi nikazizoea, nikazifuata, kilomita nne tano hivi namfuata kama mnavyomfuata mwenye tochi njiani usiku, na kusema kweli moyo ulikuwa umetulia, nikasema huyu leo ananifungulia njia.

Alafu zikaanza kuwa kubwa.

Hazikubadilika rangi, hazikuongezeka ukali, zilikuwa tu zinakua. Na akili ilichelewa kuelewa kwamba taa ikikua maana yake mimi ndo naisogelea. Nilikanyaga breki mpaka pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu, gari ikalia, ikasimama, na kati ya bampa yangu na lile chuma la nyuma ya tanka angepita mtu mmoja kwa ubavu. Niliona tope lililokaukia kwenye rifleketa. Kuna mtu alikuwa ameandika namba ya simu kwa kidole kwenye lile tope, tarakimu za mwisho zimefutika. Mpaka leo nazikumbuka zile za mwanzo.

Mama hakupiga kelele. Aliweka mkono kwenye goti langu akasema "Yesu" mara moja tu.

Utingo akashuka, kijana kavaa mzula na koti la mvua, akawa anakuja upande wangu kaziba macho kwa mkono. Akagonga kioo, nikashusha, alipomwona mama akaanza na shikamoo, mama akaitikia marahaba mwanangu, ndo akanigeukia. Hakunifokea. Alisema: "Dada yangu, samahani, ila taa zako zimetutesa tangu Makambako. Dereva haoni kitu kwenye vioo. Tulikuwa tunatafuta pa kuegesha ili wewe upite kwanza."

Yaani walikuwa wanasimama kwa sababu yangu.

Nilivyokuwa naisimulia

Wiki mbili za kwanza nilikuwa naisimulia hii stori kama kosa la tanka. Kazini, kwenye mazungumzo ya chakula cha mchana, kwa dada yangu kwenye simu: jamani kuna madereva wanawasha zile taa nyekundu za ukungu za nyuma, huwezi kujua kashika breki au hajashika, tumeponea chupuchupu na mama. Kila mtu anasikitika, kila mtu ana lake la kuongezea. Yale maneno ya utingo nilikuwa nayaruka.

Sikupanga kuyaruka. Yalikuwa yanajiruka yenyewe, nikifika pale naona stori inatosha.

Mama ndiye aliyenikamata. Siku moja nasimulia akiwepo, nikamaliza, akasema taratibu, "Na yule kijana alikwambiaje kuhusu taa zako?" Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikaona kwamba nusu ya ile ajali ambayo haikutokea ilikuwa imetengenezwa na mimi mwenyewe, kwa hela yangu, nikidhani nanunua usalama.

Nilichokuwa nimewasha

Mwaka jana nilipeleka gari kwa fundi wa umeme, Iringa hapa hapa. Foglaiti zake za mbele, yaani taa za ukungu, zilikuwa na balbu za kawaida zile za njano njano hafifu, fundi akaniambia dada hizi hazifai kwa njia yako ya Njombe, nikuwekee LED, utaona mpaka sisimizi. Akaniwekea. Akanifungia na swichi ya pembeni ili ziwake muda wowote ninaotaka. Usiku nilivyotoka pale nikaona barabara yote nyeupe, nikasema hela yangu imeenda vizuri.

Ile alfajiri nilikuwa nimewasha zote. LED chini, dimu juu, yaani taa kubwa zikiwa zimeshushwa, na nikiona giza linazidi napiga na fulu, zile za mbali, nashusha, napandisha tena. Na hazadi pia, indiketa zote kwa pamoja. Kila kitu chenye uwezo wa kuwaka kwenye ile gari kilikuwa kinawaka.

Nikaanza kusoma, na kuuliza watu.

Foglaiti ya mbele inakaa chini kwenye bampa kwa sababu maalumu. Mwanga wake umetengenezwa uwe mpana na mfupi, ulale juu ya lami kama mkeka uliotandikwa, na kwa juu ukatike kabisa, usipande. Ukungu ni matone ya maji yanayoelea hewani, na kila tone linaupokea mwanga wako na kuutawanya, sehemu yake inakurudia machoni. Ukituma mwanga mwingi mbele na juu, yote yale matone yaliyo kati ya macho yako na barabara yanawaka, na wewe unaangalia ukuta mweupe uliouwasha mwenyewe. Foglaiti inajaribu kukwepa hilo, inapita chini, inakuonyesha mstari mweupe wa pembeni na kipande cha lami kilicho karibu.

Na hapa ndo pa fundi wangu. Ile sahani inayong'aa ndani ya taa imepigiwa hesabu na uzi mdogo mmoja wa balbu ya asili, mahali pake, urefu wake, yote. Ukitoa ile balbu ukachomeka LED, mwanga hautoki tena pale pale, unatoka ubavuni kwenye vile vidude viwili vya pande mbili, na sahani haijui hilo, inaurusha inavyoweza. Sehemu inaenda kwenye lami. Sehemu inapanda juu. Inayopanda inagonga ukungu na kukurudia, na inayobaki inaenda moja kwa moja kwenye kioo cha pembeni cha mtu aliye mbele yako.

Sasa mimi nilivyokuwa naona weupe mwingi mbele ya boneti nilikuwa nauhesabu kama kuona.

Kanga ya mama kwenye mti wa parachichi

Kusoma hakukunitosha. Kuna kitu ndani yangu kilikuwa bado kinabisha, kinasema hao wanaandika huko kwao, hawajaendesha Njombe saa kumi na moja. Kwa hiyo safari iliyofuata nyumbani nilimwamsha mtoto wa kaka, yuko kidato cha pili, alfajiri kabla ukungu haujapanda, tukatoka uani.

Nyumbani kuna njia ndefu inayotoka getini mpaka kwenye miti ya parachichi. Nikapaki gari getini. Tukafunga kanga ya mama, ile nyekundu, kwenye mti, hatua 25 kutoka kwenye bampa. Kijana akasimama pale pale kwenye kanga na sweta lake la shule.

Fulu kwanza. Sikuona kanga, sikuona mti, sikumwona mtoto. Kama mtu kanitandikia shuka jeupe mbele ya kioo. Namsikia tu sauti, "Shangazi, unaniona?" Na mimi nasikia aibu kumjibu.

Dimu peke yake. Kanga ikatokea. Siyo vizuri sana, rangi imepauka kama nguo iliyofuliwa miaka, lakini ipo, na pembeni yake kuna mtu.

LED zangu peke yake. Aisee. Nyasi za karibu zilimeremeta, kila jani na umande wake, pazuri kweli. Kanga hakuna.

Nilikaa pale kwenye usukani kama dakika nzima nikiangalia zile nyasi. Hapo ndo nilielewa nilivyodanganyika mwaka mzima, kwamba penye mwanga mwingi ndo penye uoni, wakati ule mwanga ulikuwa unayavuta macho yangu yabaki hapo karibu, na huku mbele ambako tanka linasimama kumezidi kuwa giza.

Alafu tukabadilishana. Nikamkalisha kijana kwenye kiti cha dereva, nikamwonyesha swichi, mimi nikaenda kusimama kwenye kanga nimegeuka kulitazama gari. Nikamwambia washa dimu. Kawaida tu, taa mbili kwenye ukungu, naziangalia bila shida. Nikamwambia sasa washa zile za chini.

Mkono wangu ulipanda wenyewe ukaziba macho.

Vile vile alivyokuja yule utingo.

Njano au nyeupe

Fundi mwingine, mzee kidogo, aliniambia tatizo langu ni rangi tu, niweke za njano, njano inapenya ukungu. Hii wengi tunaijua na wengi tunaiamini. Wafaransa waliifanya sheria kabisa, kuanzia miaka ya 1930 magari yao yote yalitakiwa kuwa na taa za mbele za njano, na waliacha 1993 tu.

Mimi niliiamini mpaka nilipoangalia ukungu wenyewe. Mbingu ni ya bluu kwa sababu chembe za hewa ni ndogo mno, zinautawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu. Kama ukungu nao ungekuwa unachagua rangi hivyo basi wenyewe ungeonekana wa bluu bluu. Ni mweupe. Ni mweupe kwa sababu matone yake ni makubwa mno kwa kazi hiyo, yanazitawanya rangi zote sawa sawa, ya kwako ya njano ikiwemo. Kuna watu macho yao hayaumii sana na njano, hilo silibishi, na balbu ya njano ya zamani mara nyingi ilikuwa hafifu kuliko hizi nyeupe za sasa kwa hiyo ilikuwa inasumbua kidogo zaidi. Lakini kupenya, hapana. Sikununua.

Zile nyekundu za nyuma

Narudi kwenye tanka, maana nalo lilikuwa na kosa lake na sitaki kulifuta kwa sababu tu nimeligundua la kwangu.

Magari mengi tunayoendesha sisi yametoka Japani, na Japani taa ya ukungu ya nyuma siyo lazima, kwa hiyo IST yako au Noah yako huenda haina kabisa. Ulaya ni lazima. Ndo maana hizi taa utakutana nazo zaidi kwenye malori yaliyotoka Ulaya, na gari ndogo za Kijerumani au za Kiingereza. Kwenye deshibodi ina alama yake: taa imechorwa inaangalia kulia, mistari imenyooka, inakatwa na wimbi, rangi ya njano. Ile ya mbele inaangalia kushoto, mistari imeinama kidogo, kijani. Nimeuliza madereva watano sita tofauti ya hizo alama, wawili ndo walijua.

Taa hiyo ni kali karibu sawa na taa ya breki. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili anayekuja nyuma kwenye ukungu mzito akuone mapema. Lakini ukali wake ndo huo huo unaoimeza breki. Kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari zinataka iwe mbali na taa ya breki kwa zaidi ya sentimita 10, na ukiwaza vizuri, sentimita 10 nyuma ya tope, kwenye ukungu, kwa mtu mwenye usingizi, ni nini?

Uingereza sheria inakataza kuiwasha mpaka uoni uwe umeharibika sana, kwa kawaida chini ya mita 100, na hali ikiwa nzuri uizime. Ujerumani ni kali zaidi, ya nyuma huiwashi mpaka uoni uwe chini ya mita 50, na ukishafika huko huruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Wana nguzo fupi pembeni ya barabara kila mita 50, kwa hiyo dereva anaangalia, akiwa kwenye nguzo moja kama inayofuata haionekani, anajua. Nilipenda hiyo kuliko vyote nilivyosoma. Mtu hahitaji kubishana na mwenzie kama ukungu ni mzito au la.

Nikampelekea mjomba haya yote.

Mjomba wangu ameendesha malori Tunduma mpaka Lubumbashi miaka mingi, sasa kapumzika, yuko Makambako. Nilipita kwake, akanikaribisha chai na viazi, nikamsimulia, safari hii sikuruka kitu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alafu akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa naiwasha. Na ningekuwa barabarani leo ningeiwasha."

Nikamwuliza kwa nini, wakati inaficha breki.

Akaniambia wewe unaogopa kumgonga wa mbele, sisi wenye malori tunaogopa wa nyuma. Lori limebeba, linapanda kilima kwa spidi ya mtu anayekimbia, ukungu umefunga, na nyuma yako unajua kuna basi linawahi, kuna gari za IT, zile zinazopelekwa nchi jirani, zinakimbizwa mpaka Tunduma usiku kucha. Huyo akikuona ukiwa mita 20, hana pa kwenda. "Sasa unaniambia niizime ili breki yangu ionekane, na huyo hajafika hata kuiona hiyo breki?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai mpaka ikaisha sina jibu.

Na hili lilinisumbua zaidi ya yote, maana nilikuwa nimeshajiandaa kuandika makala nyepesi, zimeni taa zenu, basi. Lakini mjomba yuko sahihi. Kwa dereva anayetokea kwenye ukungu ile taa ni uhai. Kwa mimi niliyekuwa nimeshafika, niko mita 30 nyuma yake kwa kilomita tano, ilikuwa mtego. Taa ni ile ile, dakika zimepishana kidogo tu.

Nilivyorudi kwake mara ya pili nikamwuliza hivi: mjomba, mtu akishakufikia nyuma, taa zake unaziona kwenye kioo, anakufuata, hapo bado unahitaji akuone? Akafikiri. Akasema hapo hapana, huyo ameshaniona, nyuma yake sasa yeye ndo ataonekana. Nikasema basi hapo unaizima. Akacheka kidogo akasema, "Kuizima nitaizima kama nitamwona. Huyo mwenye taa kama zako namwonaje?"

Tukabaki tunatazamana.

Maana ndo kilichotokea kwetu kabisa. Dereva wa tanka asingeweza kujua nimeshika umbali gani, kwenye vioo vyake kulikuwa na jua mbili. Asingejua saa ngapi azime. Mimi nisingejua saa ngapi anashika breki. Kila mmoja alikuwa amewasha taa ili aonekane, na hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake.

Hazadi

Hili nalipitia haraka kwa sababu sina mashaka nalo. Kutembea na hazadi zinawaka kwenye ukungu au mvua ni tabia tumeizoea sana na tunaona ni ustaarabu. Hazadi ikiwaka indiketa yako haipo. Unataka kukata kulia, nyuma hajui. Na aliyesimama kweli, gari imemfia katikati ya njia, hana tena lugha ya kukwambia amesimama, kwa sababu wote tumeitumia tukiwa tunatembea. Mimi nimeacha. Nawasha nikisimama, au pale ninapokuta foleni imesimama ghafla na nyuma hakuna mtu bado, akifika nazima.

Spidi inayodanganya

Kuna swali moja lilibaki. Nilikuwa natembea spidi gani? Nilikuwa nimejiambia 50. Mama hajui kusoma mshale wa spidi lakini alisema, "Ulikuwa unakimbia."

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ukungu unapofifisha picha, mtu anaona anaenda taratibu kuliko anavyoenda kweli, kwa hiyo anaongeza mafuta bila kujua. Nilivyoisoma nikasema ndo mimi huyo. Ila nikaendelea kusoma nikakuta wengine, 2012, wakaonyesha kinyume: wale wa mwanzo walififisha picha yote sawa, lakini ukungu wa kweli unafifisha ya mbali zaidi kuliko ya karibu, na ukiiga hivyo watu wanaona wanakimbia zaidi na wanapunguza.

Nimewaza sana hizi mbili. Zote zinaweza kuwa kweli kwangu. Nikiwa peke yangu kwenye ukungu napunguza, kila mtu anapunguza, mikono inakaza kwenye usukani. Lakini ile alfajiri sikuwa naangalia barabara, nilikuwa naangalia taa mbili zinazotembea spidi yangu. Kitu kinachotembea na wewe hakikwambii unakwenda kasi gani. Mshale ungeniambia ila sikuuangalia.

Hesabu ni fupi. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unasema kwa spidi hiyo, lami kavu, mpaka usimame umetumia mita 53, na ukiwa 48 kwa saa ni mita 23. Kanga ya mama ilikuwa hatua 25, na kwa dimu ndo mwisho wa macho yangu. Kwa hiyo kwenye ukungu kama ule mimi siruhusiwi na macho yangu kuzidi arobaini, hata kama taa zangu zingekuwa za uwanja wa mpira.

Tarehe 11 Desemba 1990, kule Tennessee, Marekani, karibu na mji wa Calhoun, magari 99 yaligongana kwenye ukungu, watu 12 wakafa. Baadaye waliweka vipimo vya ukungu kando ya njia, vibao vinavyobadili spidi, na mageti ya kufunga barabara ukizidi. Niliisoma hiyo nikawaza sehemu yetu pale kati ya Makambako na Nyororo, misitu ya misonobari pande zote, na malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Mageti hatuna. Kilichopo ni mimi na yule wa mbele.

Balbu

Nimerudi kwa fundi wangu wa kwanza, nikamwambia anitolee zile LED anirudishie balbu za asili, na ile swichi ya pembeni aikate. Hakunielewa. Alidhani zimeungua, akazijaribu, zikawaka, akasema dada mbona nzima kabisa. Nikamwambia najua. Nikamsimulia habari ya tanka, na mtoto, na kanga. Alisikiliza huku anafungua skrubu, na mwisho akaniuliza kama anaweza kuwa nazo, kuna mteja wa Njombe anazitaka, atanipunguzia.

Nilishindwa kumpa. Nilimlipa hela yake yote, nikazifunga kwenye gazeti nikaondoka nazo. Ziko kwenye droo ya jikoni mpaka leo, mama akija kutembea anaifungua akitafuta kiberiti anazikuta, anaifunga.

Wiki iliyopita tumepita tena ile njia, kliniki ile ile. Ukungu ulianza mapema, kabla hata ya Makambako. Dimu, na foglaiti zile hafifu za njano njano zikilala kwenye mstari mweupe wa kushoto, mshale kwenye thelathini na tano. Mbele hakuna mtu wa kumfuata. Mama alikuwa macho safari hii, kainama mbele kabisa anaangalia mstari na mimi, kila ukipotea ananiambia "umepotea", ukirudi ananiambia "huo". Nyuma kukatokea taa, basi, likasogea, likakaa nyuma yetu mbali kidogo, na kwenye kioo niliziona vizuri, mbili, za dimu, nikaweza hata kuona pale lilipopunguza.

Tulivyofika Makambako ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Nikakata indiketa mapema, nikaingia sheli, nikazima gari. Mama akaniuliza, "Na kliniki?" Nikampigia nesi simu nikamwambia tutachelewa. Tukakaa ndani ya gari tunakunywa chai ya chupa mpaka saa mbili na nusu, tunaangalia nguzo ya bei za mafuta inavyotokea kidogo kidogo, kwanza tarakimu, alafu chuma lake.